Uwanja wa Vyombo wa Voi, Kabla Kadhi Hajafika

Mume wangu, baba Omari,

Usinitazamie salamu ndefu. Salamu zangu nilizituma zote miaka ile ya kwanza, kwa kila askari na kila pagazi aliyepanda gari la moshi kwenda Taveta, na hakuna hata moja iliyonirudia na jibu. Leo nakuandikia mambo. Waraka huu sitautia kwenye bahasha, maana bahasha ni ya mtu mwenye anwani. Nitauacha wazi juu ya meza ya karakana, asomaye na asome, na Omari akitaka kuwasomea mafundi awasomee. Sina siri nawe, wala sina siri na mji huu.

Kesho kadhi anafika kwa gari la mchana kutoka Mombasa. Atakaa barazani kwa imamu wetu, aniite mbele za watu, aniulize kama mume wangu yu hai au amekufa. Kwa jibu langu ama uwanja wako wa kuundia vyombo vya majini utafungwa, ama utabaki kwa wanao. Na lile jibu la pili, baba Omari, tangu uondoke sijalitamka. Sijalitamka kwenye sala, sijalitamka kwenye ugomvi, hata usingizini nadhani nimejizuia. Nimekaa na kalamu baada ya alasiri nione kama mkono wangu utaweza, ili kesho ulimi usinishinde.

Nikueleze mambo yalivyo. Mdogo wako Bakari alikuja kutoka Lamu baada ya mfungo uliopita. Nilimpokea kwa wali na kuku, mdogo wako ni mdogo wangu. Akakaa wiki, akautazama uwanja, akautazama mto, akaniambia: "Shemeji, kaka yangu yu hai mpaka nione kaburi lake." Akalia. Nami nikalia, nikamwona mtu mwema. Kumbe kuna la pili. Maadamu wewe u hai huko uliko, yeye ndiye wakili wako, na wakili amekwisha kupata tajiri wa kuukodi uwanja ajenge ghala la mkonge. Sisi turudi Lamu, tukakungoje huko. Nikamwuliza: "Nimemngojea kaka yako hapa miaka yote hii, Lamu nitamngoja kwa mtindo gani mpya?" Siku ya pili nikakuta kufuli kwenye lango, na mpaka leo mafundi wanaingia kazini kwa mlango wangu wa nyuma.

Lakini kama umekufa, mali ni ya Omari, ya dada yake na yangu, na Bakari hana neno. Kadhi mwenyewe ndivyo alivyoeleza kwa barua. Mtu aliyepotea muda mrefu hivi, mkewe akiapa kwamba hakupata habari zake zozote, na majirani wakashuhudia, atahukumiwa kuwa amefariki. Basi unaona nilipokwama? Anayesema u hai ni yule anayetaka kukufungia uwanja. Anayetakiwa kusema umekufa ni mimi, niliyekuwekea sahani yako mpaka Omari akaota ndevu. Wallahi nimecheka siku moja peke yangu jikoni mpaka binti yako akadhani nimepagawa.

Unakumbuka siku tuliyoshuka Voi? Hina ya harusi haijatoka mikononi mwangu. Vumbi jekundu likaingia mpaka kwenye meno. Nikatazama huku na huku kuutafuta mji, nikaona stesheni, duka moja la Mhindi, mahema ya makuli wa reli, na nyuma yake pori tupu mpaka mlima wa Sagala. Nikakuuliza: "Mji uko wapi?" Ukaninyooshea kidole mto. Na mto wenyewe, astaghafirullahi, ng'ombe wawili wangeumaliza kwa kunywa.

"Mji tutaufanya," ukasema.

"Wewe fundi wa vyombo," nikakuambia. "Utaunda vyombo vya kwenda wapi? Sagala?"

Ukacheka ukabeba sanduku langu. Reli ilitaka mbao, mbao zikataka mafundi, na Lamu mafundi walikuwa wengi kuliko vyombo vya kuunda. Ndiyo hadithi yote ya mji huu, na wageni hawaijui. Wanashuka leo stesheni, wanaona maduka yamejipanga, mabehewa ya mkonge, Wadawida wakiteremka milimani na ndizi na maharagwe, Wakamba na asali, wanadhani Voi ilizaliwa na reli. Reli ilileta watu. Waliofanya mji ni nyinyi watu wa tezo na keekee, wa kuchonga na kutoboa mbao, mliokuja kuunda vyombo mahali pasipo na maji ya kuvibeba.

Maana hamkujua kujenga kitu kingine! Mkijenga nyumba, ubavu unapinda. Mkitengeneza mlango, unakaza mpaka mtu anafungiwa chooni akapiga kelele. Msikiti wetu, Mungu awalipe, mliutilia paa la mbao lenye mataruma, zile mbavu za ndani, kama chombo kilichopinduliwa, mkaziba kila mshono kwa kalafati ya pamba, mkapaka mafuta ya papa. Mvua haikuingia. Upepo nao haukuingia. Jua la Voi lilipowaka, mafuta ya papa yakanuka mpaka stesheni, na imamu akafupisha hotuba kuliko maimamu wote wa pwani. Paa lile lile lipo mpaka leo. Harufu imekwisha, hotuba zimekuwa ndefu.

Na bado hukutosheka. Ukaanza kulalamika kwamba mkono utasahau. Siku nzima unatengeneza sakafu za mabehewa, jioni unakuja nyumbani unavitazama viganja kama vya mtu mwingine. Mwisho ukalaza mkuku, ule mti wa chini kabisa wa chombo, pale uwanjani, kwenye vumbi, ukaanza mashua. Mji mzima ulikuja kutazama. Nami nilikuletea uji, nikasimama mbali, kwa kuwa mafundi wa kwenu hawataki mwanamke auvuke mkuku. Ukaniona nazunguka uwanja wote na bakuli, uji unapoa. Ukaniambia mbele ya wenzako wote: "Vuka, bibi. Huu hauendi baharini, hauna wa kumwonea haya." Nikavuka. Wakubwa wakaguna. Siku ile nilikupenda mpaka nikakasirika.

Ndipo tukamjua Wakesho, yule mwanamke wa Mbololo aliyekuwa akituuzia maharagwe. Alikuja akatua kikapu, akaizunguka mashua, akakuuliza kwa ile sauti yake: "Nyinyi watu ya pwani, hii kitu itatembea na miguu?" Ukamwambia angoje mvua. "Mvua ya wapi? Mimi nimezaliwa hapa!" Akacheka akaenda zake, na kila siku ya soko akipita anauliza kama mashua imeshaota miguu.

Mvua ikaja. Hukuiomba, lakini ulivyofurahi ungedhani uliiomba. Ilinyesha milimani zaidi kuliko kwetu, na asubuhi mto ule wa ng'ombe wawili ulikuwa umejaa kutoka ukingo mpaka ukingo, mwekundu, unaviringisha magogo. Daraja la miti lilikwenda. Ng'ambo wamesimama watu wa Mbololo na mizigo yao, na mbele yao Wakesho, hana kikapu siku hiyo, amembeba mwanawe mgongoni, mtoto anatetemeka kwa homa na mganga wa reli yuko upande wetu.

Kwenu chombo hakishuliwi majini hivi hivi. Kuna mbuzi, kuna dua, kuna wapiga ngoma, watu wanavuta kamba kwa wimbo. Sisi mbuzi hatukuwa naye na muda hatukuwa nao. Imamu akasoma dua mbio mbio kanzu imekunjwa kiunoni. Nyimbo za kwenu walizijua wanne tu, basi wavutaji wakavuta kila mtu kwa lugha yake, makuli, Wakamba, wenye maduka, mpaka yule karani wa stesheni aliyekuwa akituita washenzi wa mbao alishika kamba akaanguka kifudifudi. Mashua ikaingia majini ikakaa sawa. Ukavuka nayo mara ya kwanza peke yako, ukarudi na Wakesho amefumba macho, amekushika shati, anakuambia ukimzamisha atakusumbua mpaka ahera. Mtoto alipona. Yuko hapa uwanjani sasa hivi ninavyoandika, anapiga randa. Ni fundi wako wa pili baada ya Omari.

Tangu siku ile mji ulipata mgongo. Watu wa mlimani wakajua kwamba mvua ikija hawatakatika na soko. Wakaanza kujenga karibu na kivuko, mwenye duka akaongeza duka, na uwanja wako ukapata jina. Mtu akiulizwa anakaa wapi husema, "pale kwenye vyombo." Chombo ni kimoja, nasi tunaitwa vyombo! Mie nilijivuna, kwa nini nifiche? Nilitembea sokoni kama mke wa liwali.

Halafu vita.

Voi ikageuka mji wa mahema. Askari Wazungu, askari Wahindi, farasi, nyumbu, wapagazi wasio na hesabu, wote wana kiu, na mbele huko wanakokwenda, Maktau na Mbuyuni na Salaita, maji hakuna. Afisa mmoja akaja uwanjani na mkalimani. Anataka matangi makubwa ya mbao juu ya mabehewa, yajazwe maji Voi yapelekwe mbele. Ukamsikiliza, ukampima kwa macho, ukamwambia: "Bwana mkubwa, mimi nimezuia bahari. Maji ya tangi yatanishinda?"

Ee, mume wangu! Neno lile nimelikumbuka mara ngapi.

Uliliunda tangi la kwanza kwa mapenzi. Mataruma ndani, mbao nje, kalafati ukaipiga kutoka nje, mshono kwa mshono, mimi nakusokotea pamba na kuichovya mafuta mpaka vidole vikawa laini. Lilikuwa zuri. Likapandishwa juu ya behewa, likaletwa chini ya bomba la stesheni, afisa amesimama na saa yake, mji umejaa. Maji yakaingia. Robo, sawa. Nusu, tangi likaanza kutokwa jasho. Ukapiga bao kwa kiganja ukasema, "Linanywa tu, litashiba." Halikushiba. Pamba yangu ikaanza kuchungulia kwenye mishono, kidogo kidogo, halafu ikatoka ndefu kama tambi, halafu ubao mmoja ukaachia misumari na afisa akaoga pamoja na saa yake. Nyumbu wakaja kunywa chini ya behewa. Watu wa mji, hawa hawa waliokusifu, walicheka mpaka wakakaa chini.

Hukucheka wala hukukasirika. Ulikaa kwenye reli, nguo zimelowa, unaitazama ile pamba mkononi. Nikaja nikakaa nawe. Ukaniambia polepole: "Nimeiweka bahari nje. Hapa bahari iko ndani." Basi. Mafundi wote wa Lamu mliokuwa pale, na hekima zenu za babu na babu, hakuna aliyelifikiria. Maisha yenu yote maji yalisukuma kutoka nje kuja ndani, yakiigandamiza pamba kwenye mshono na mbao kwenye taruma. Tangi linasukuma kwenda nje. Mlikuwa mmeunda chombo kizuri kabisa cha kuzuia maji ya mvua yasiingie kwenye maji ya kunywa.

Ukalivunja lote. Ukalipindua kama nguo, mataruma yakaja nje yakazishika mbao kama mikono, kalafati ikapigwa kutoka ndani, wewe umejikunja humo tumboni mwa tangi na nyundo, tunasikia unakohoa. Lilipojazwa mara ya pili halikutoa hata tone. Afisa alikupa mkono. Yakaja matangi mengine, na mengine. Na kwa kuwa yalishika maji, jeshi halikutaka kukuachia. Lingevuja mara ya pili, wangekufukuza kazi, na leo ungekuwa hapa unanigombeza kwa kumaliza wino. Nimeliwaza hilo mara nyingi na halinisaidii kitu.

Uliondoka umesimama juu ya behewa, mkono kwenye tangi. Hukuniambia maneno ya kuaga, ulijua sitayapenda. Ulisema: "Nikirudi nikute pamba imesokotwa." Nikakujibu: "Ukichelewa nitakunyonga nayo." Ndiyo maneno yetu ya mwisho, baba Omari, na sikuona haya kumweleza imamu aliponiuliza.

Tukasikia Salaita imechukuliwa, na Taveta. Reli ikafika mpaka huko. Tukasema, sasa watarudi. Wengine walirudi. Wewe, wakasema, umepelekwa mbele na jeshi, upande wa Wadachi, hao Wajerumani, kuna mito mikubwa huko, wanataka madaraja na mashua. Baada ya hapo, kimya. Nilikwenda stesheni nikawauliza wote walioteremka, waliokonda, walio na vidonda, waliokuwa wakizungumza peke yao. Niliwaeleza sura yako, kovu la tezo kwenye goti, namna unavyopiga mluzi ukipima. Wengine walijaribu kunipendeza. Mmoja alisema alikuona Kondoa, nikamwuliza kovu liko mguu gani, akasema mkononi. Nikampa chai aende zake.

Na huku uwanja umelala. Wenzako wa Lamu mmoja alikufa, wengine wakarudi kwao. Kulikuwa na mimi, Omari ambaye nyundo ilimzidi, na mbao zilizobaki. Watu wakasema bibi atauza. Bibi hakuuza! Nilitwaa vijana wa Mbololo na wa Ukambani, Omari akawaonyesha alichokumbuka na mimi nikawaonyesha nilichoona. Tukatengeneza mikokoteni, vitanda, milango, chanja za kuanikia mkonge. Mwaka wa yale mafua mabaya tukatengeneza majeneza ya Wakristo, mpaka nikachukia harufu ya mbao mbichi. Kila kiangazi tunaipandisha mashua ukingoni tunaipiga kalafati upya. Fundi mmoja mgeni aliniambia mwanamke hapigi kalafati. Nikampa nyundo: "Basi piga wewe, nikuone." Akapiga. Nikaitoa pamba yake yote kwa ukucha, nikapiga yangu. Sasa hunisalimu akiwa bado mbali.

Kivuko chako kinafanya kazi. Serikali imeweka daraja, na maji yamelichukua, na limewekwa jingine, na sisi bado tunaitia mashua deheni, mafuta ya kuzuia maji, kabla ya kila masika. Huo ndio mji ulionionyesha kwa kidole siku ile. Bakari anautaka uwe ghala.

Juzi tulisemana hadharani, samahani, ulikuwa hupendi. Nilimkuta amekaa langoni na ufunguo. Nikamwambia nimemwita kadhi. Akasimama. "Shemeji," akasema, "unamwua ndugu yangu kwa mdomo wako."

Lilinichoma, usidhani halikunichoma. Nilishika nguzo ya lango. Nikamwambia: "Na wewe unamweka hai kwa kufuli."

Akaketi chini pale pale akalia, mtu mzima, watu wanapita. Mimi simchukii wala sitaki wanao wamchukie. Anakupenda kwa namna yake. Ulimfundisha kuogelea, aliniambia, ulimshika kidevu. Anaogopa kwamba siku ukitangazwa umekufa atakuwa ndiye mkubwa wa nyumba yenu, na hataki kuwa mkubwa. Nimemwambia akae Voi kama anataka, kazi ipo, lakini ufunguo atarudisha.

Usiku wa siku ile sikula. Asubuhi nikapanda Mbololo kwa Wakesho, magoti yangu unayajua, nikafika nimekatika. Kaka yake alikwenda na Kariakoo, kile kikosi cha wapagazi, kubeba mizigo ya jeshi, naye hakurudi. Kwao, watu wazima waliokufa zamani walifukuliwa baada ya muda, vichwa vikawekwa mwambani pamoja na baba zao. Nikamwuliza walifanya nini na kaka yake asiye na kaburi.

"Tulingoja," akasema. "Mama alikuwa anasema atarudi, atarudi. Siku moja mama akaamka, akanyoa nywele. Basi, tukajua. Kilio ikawekwa, watu wakakuja, tukapika. Kichwa hakuna. Jina lake tulisema tu kwa mwamba."

"Na mama alijuaje kwamba ni siku hiyo?"

"Hakujua. Alichoka kumwacha yeye peke yake huko, bila mtu wa kumlilia." Akanitazama. "Dada, wewe unafikiri unamngoja. Mimi naona umemwacha barabarani."

Nilimkasirikia, nikakataa hata viazi vyake. Nikateremka mlima ule mzima nikimjibu kwa sauti, wachunga mbuzi wakinishangaa. Nilipofika kivukoni nilikuwa nimeishiwa majibu.

Kwa kuwa ni kweli. Kila Mwislamu aliyekufa Voi tangu vita amesomewa hitima chini ya paa uliloliunda wewe. Amesomewa yule karani, amesomewa hata Mhindi mwenye duka la nguo aliyetaka kusilimu akachelewa, imamu alimwombea tu kwa mapenzi. Wewe hujasomewa hata fatiha moja ya maiti, kwa sababu mkeo hataki. Nimekuombea usalama miaka yote hii, kama mtu anayempelekea mwenziwe viatu huku mwenziwe hana miguu. Sitaki tena. Nataka uombewe rehema kama watu.

Basi nimeamua, wala si kwa ajili ya uwanja peke yake. Kesho nitaapa. Wakesho atasimama shahidi pamoja na majirani wa Kiislamu, kadhi atake asitake nitamleta, ameuza maharagwe nje ya lango langu miaka mingi kuliko wote. Jumamosi hitima, msikitini kwako, na nimewaambia mafundi wasipige nyundo siku hiyo tu. Jumapili wafungue lango waendelee. Mimi nitakaa eda katika chumba kile cha upande wa uwanja, dirisha wazi. Nikisikia mtu anakosea mshono nitamwita dirishani, eda haikatazi kugombeza.

Na kama siku moja ukaingia langoni, umekonda, una goti lako na kovu lako, usiogope. Mkeo hatakufukuza. Utanikuta nina hasira na nina chakula, uanze na utakacho. Lakini uwanja utaukuta umefunguka na wanao kazini, hilo ndilo ninaloweza kukuahidi.

Sasa acha niandike lile neno, jua linashuka na Omari anaitaka meza. Nilianza kuandika: mume wangu hayupo. Nikafuta. Mtu aliyekwenda sokoni naye hayupo. Nikaandika: Mungu anajua alipo. Nikafuta. Mungu anajua, lakini kadhi haulizi Mungu anajua nini, ananiuliza mimi.

Umekufa, baba Omari. Umekufa huko ng'ambo ya Taveta, siku nisiyoijua, kwenye mto nisioujua jina. Kama alikuwapo mtu akakufumba macho, Mungu amlipe. Kama hakuwapo, basi ninakufumba mimi, leo, kwa mkono huu huu.

Pumzika, bwana wangu. Ulishika maji ya kutosha.

Mimi, niliyekuwa mkeo mpaka mstari ule wa juu,

Mjane wako.